Duka la Dawa Lenye Magurudumu

4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na unalala vizuri. Mimi ni mzima. Nilifika salama, nikapata chumba nyuma ya nyumba ya mama mmoja anayefua nguo za watu. Dirisha langu linatazama kamba zake, kwa hiyo nikiamka tu natazamana na mashuka nisiyoyajua.

Jana nilikwenda ofisi ya bodi ya dawa. Nilipanga foleni mpaka kwenye dirisha la usajili. Afisa wa pale ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa uzi shingoni, na hachekicheki ovyo. Akasoma maombi yangu yote, kisha akauliza, "Duka liko wapi?"

Nikamwambia, "Duka ni gari."

"Nimeuliza liko wapi."

"Kwa sasa liko uani kwa baba yangu. Likipata leseni litakuwa njiani."

Akanitazama juu ya miwani. "Binti, kanuni inataka jengo. Kuta, sakafu inayosafishika, mlango unaofungwa, na namba ya kiwanja. Wewe umeniletea namba ya gari."

Nikamwambia gari langu lina kuta, lina sakafu na lina mlango. Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema niwaandikie bodi wenyewe, maana pale dirishani hakuna faili la kuwekea kitu kama mimi.

Nitawaandikia. Kazi ya hospitali nimeshaiacha na sirudi nyumbani bila jibu. Bwana afya alipokuja kubandika ile karatasi yenye mhuri ya kulifunga duka, dawa zikiwa ndani, kwenye mlango wa nyuma wa gari, nilimwona kama adui. Sasa naona alikuwa anafuata kitabu, na kitabu ndicho hakijanijua.

Nakuomba jambo moja tu, baba. Usimruhusu mtu yeyote aibandue karatasi ile, hata wewe mwenyewe. Ikibanduka nitaonekana nauza dawa kwa mlango wa uani, na ufamasia wangu utakuwa umekwisha kabla sijauanza.

Wasalimie jirani zetu wote, hasa Baba Mdogo Randa na mkewe.

Mwanao


13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, linalalamika asubuhi tu kama mwenyewe. Barua yako nililetewa na dereva wa lori la unga. Umefanya vizuri kuandika. Simu ya huku unaijua: mpaka nipande juu ya mawe nyuma ya nyumba, na nikishapanda naokota neno moja katika matatu. Barua naisoma mara mbili, ya pili nikiwa na chai.

Gari liko salama. Nimelifunika turubai juu ili jua lisilipige sana. Watu wanakuja. Mwalimu alikuja kutafuta dawa ya kikohozi cha mwanawe, akafuata mama mwenye vidonda vya tumbo, akafuata mwingine ambaye hata haumwi, alitaka kuona tu. Wote nawaambia maneno yale yale: lililofungwa limefungwa na serikali, si mimi. Wanaitazama karatasi, wananitazama mimi, wanaondoka. Mmoja akanitania, "Bwana Gia, umeendesha malori ujana wako wote, leo umekuwa mlinzi wa gari lisilokwenda?" Nikamjibu kwamba hata lililosimama linataka dereva, la sivyo litabingirika.

Randa anakuja kila jioni na kiti chake, kama kawaida. Akimaliza useremala wake anakaa ameegemea gurudumu la nyuma, anasema yuko hospitali. Majuzi alisema vidonge vyake vya presha vinakaribia kwisha na kwamba anangoja wewe ufungue duka. Nikamwambia angoje. Yeye anacheka. Mkewe hacheki.

Habari nyingine ni kwamba kuna kijana ameanza kupita huku na pikipiki, begi kubwa mgongoni. Anauza vidonge barazani kwa watu, kimoja kimoja, anavifunga kwenye vipande vya gazeti. Watu wamempa jina la Daktari Begi. Ana maneno matamu, na hakuna aliyembandikia karatasi mlangoni, maana mlango hana.

Kula vizuri. Usijibizane na wenye miwani kabla hujashiba.

Baba yako


29 Machi

Baba,

Shikamoo. Habari za huko, na hali yako? Mimi sijambo, ila miguu imechoka kwa ngazi za ofisi.

Bodi wamenijibu. Maombi yamekataliwa kwa kuwa kanuni haitambui duka la dawa lisilo na jengo. Barua nzima ni hiyo, iliyobaki ni salamu na sahihi. Nikarudi kwa yule mama wa dirishani, nikamwuliza kanuni ikitakiwa kubadilishwa mtu anaanzia wapi. Akafunga dirisha. Nikadhani nimefukuzwa, kumbe ulikuwa wakati wake wa kula. Akatoka kwa mlango wa pembeni, akaniambia nimfuate.

Tulikaa kwenye benchi nje ya uzio. Akasema, "Unadhani mimi ni jiwe. Kabla ya dirisha hili nilikuwa mkaguzi, nikizunguka huko mnakotoka ninyi. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye gari kama lako, limepakwa rangi vizuri na maneno ya kuvutia ubavuni. Dawa aliziacha ndani ya bati, juani, msimu mzima. Watoto walipewa dawa ya homa isiyo na nguvu kuliko unga wa ugali. Tulipokwenda kumkamata, gari lilikuwa limeshahama. Mpaka leo sijui liko wapi. Duka lenye kuta, binti yangu, nalikuta pale pale nilipoliacha. Hiyo ndiyo sababu ya namba ya kiwanja."

Nilirudi chumbani, nikakaa na maneno yake. Ana haki, baba. Na mimi pia nina haki. Kwa hiyo nimeanza kuandika upya. Nataka gari liwe na njia inayojulikana na siku zinazojulikana. Nataka kuwe na kipimajoto ndani, kinachosomwa na kuandikwa. Mlango usifunguliwe kama mfamasia hayumo. Na kila linapolala, mkaguzi akija alikute. Nataka wanifunge kamba wao wenyewe, mradi waniache nitembee.

Mwambie Baba Mdogo Randa asithubutu kununua vidonge vya yule kijana wa pikipiki. Vikimwishia, aende hospitali.

Mwanao


12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia u mzima. Huku afya ipo, furaha haipo.

Jumapili Randa alikuja mchana, bila kiti chake. Nilipomwona hana kiti nikajua kuna jambo.

"Vidonge vimekwisha," akasema. "Nifungulie."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki? Rafu za humo ndani nimezipiga misumari kwa mkono wangu, najua dawa ya presha imekaa wapi. Naingia na kutoka. Karatasi tutaibandika tena. Gundi ninayo, si mimi ni seremala?"

"Kesho twende hospitali na lori. Nitakusindikiza."

"Nina madawati ya shule, wanayataka Ijumaa. Nikienda kule nitashinda kutwa kwenye benchi, na pengine nilale."

"Basi twende baada ya Ijumaa."

"Bwana Gia, nimekuomba dawa niliyoandikiwa na daktari. Sijakuomba sumu."

Nikamwambia karatasi ile ikibanduka, wewe mwanangu umekwisha. Akasema, "Na mimi je?" Kisha akaenda zake.

Jana mkewe ameniambia kwamba amenunua kwa Daktari Begi. Nikaenda karakana kwake kumwambia uliyoniambia. Alikuwa akipiga randa, akaendelea kupiga kana kwamba na mimi ni ubao. Nilisimama mpaka nikaona aibu, nikarudi.

Nimefanya ulivyoniagiza. Kama nimefanya sawa, sijui.

Baba yako


19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingi sitaziweka leo, dereva wa lori ananingoja na injini inanguruma.

Ulifanya sawa, na najua ilivyokuuma. Sasa fanya hili upesi. Chukua kadi ya hospitali ya Baba Mdogo na karatasi ya mwisho aliyoandikiwa na daktari, umpe dereva huyu huyu akirudi. Hapa kuna duka la dawa la mtu niliyesoma naye. Atampa dawa zake halali, na zitakuja huko na lori. Hata akinuna, chukua kadi. Mwambie hivyo vya kwenye gazeti avitupe. Hakuna anayejua ni vidonge vya nini, hata aliyemuuzia hajui.

Nasikitika sikulifikiria hili mapema. Nilizama kwenye makaratasi.

Mwanao


6 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Hujambo lakini? Lori limekuja mara mbili, na mara zote mbili dereva amekuja mikono mitupu. Anasema hajakuona kituoni. Kadi ya Baba Mdogo haijafika. Nimeshazungumza na mwenye duka, anaisubiri.

Huku kumetokea nafuu kidogo. Mama wa dirishani amechukua maandishi yangu mapya na kuyapeleka juu yeye mwenyewe. Anasema bado hakubaliani na mimi, ila anataka bodi wanikatalie wakiwa wananitazama usoni. Huenda wakanipangia siku ya kusikilizwa.

Niandikie, hata mistari miwili.

Mwanao


23 Mei

Baba,

Shikamoo. Ukimya huu si wako. Nimepiga simu, haipatikani. Kama unaumwa, au kuna aliyeumwa, niambie. Lori lijalo lisipokuja na neno lako, nitapanda hilo hilo nije.

Mwanao


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Usije. Mimi ni mzima. Unisamehe, kalamu ilikuwa nzito.

Randa ameanguka.

Siku niliyopata barua yako ya kuomba kadi nilikwenda karakana. Safari hii alinisikiliza. Alinipa kadi pamoja na karatasi ya daktari, bila kunitazama. Akasema, "Mwambie binti asante." Mimi hakuniambia kitu. Lori lilikuwa lije kesho yake, nikaiweka kadi mfukoni, nikaona mambo yamekwisha.

Jioni ile ile nikasikia mkewe anaita. Nilimkuta Randa amelala juu ya maranda ya mbao, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki. Mwalimu alitupakia kwenye gari lake. Hospitalini daktari alisema ni kiharusi, akauliza alikuwa anameza nini. Mkewe akatoa kile kipande cha gazeti. Daktari akakifinya kidonge kimoja kwa kucha, kikawa vumbi. Alisema presha ya mtu huyu ilikuwa imeachwa ijiendee yenyewe.

Tulikaa kule mpaka wakaturuhusu. Sasa yuko nyumbani. Anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu, ila maneno hayatoki. Siku tuliyomshusha, mkewe aliniambia mbele ya watu wote, "Dawa ilikuwa uani kwako. Uliikalia kama kuku."

Daktari Begi hajaonekana tena. Nasikia anapita upande wa pili wa mto.

Kila asubuhi nikifungua dirisha, kitu cha kwanza kukiona ni gari lile. Liuze, mwanangu. Rudi hospitali wakuajiri, uvae koti lako jeupe, ukae chini ya paa la watu wengine. Mimi nimechoka kulitazama.

Baba yako


8 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Pole sana. Nilianza kusoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Mama mwenye nyumba alikuja kuuliza kama nimefiwa.

Najua unachotaka kusikia. Unataka nikuambie kwamba hata ungefungua, dawa zile zisingemfaa, kwa sababu gari limekaa kwenye joto muda mrefu. Siwezi kukuambia hivyo. Wala siwezi kukuambia kwamba zingemfaa. Hakuna aliyepima joto la humo ndani. Mimi mfamasia, sijui dawa zangu mwenyewe ziko katika hali gani, na hilo ndilo alilokuwa akinieleza mama wa dirishani kwenye benchi. Lakini hili nalijua: hukumnyima. Ulilinda kitu nilichokupa ulinde, na ulimwomba aende hospitali ukiwa naye. Mzigo huu una watu wengi wa kuubeba. Wangu nitaubeba mimi. Bodi nao nitawapelekea wa kwao.

Gari siuzi. Nikiliuza, kitakachobaki huko ni begi la yule kijana, na akikimbia huyo atakuja mwingine.

Bodi watanisikiliza katikati ya mwezi ujao. Nataka kuwaeleza yaliyompata Baba Mdogo. Lakini ugonjwa wa mtu ni wake, hauzungushwi mezani bila ruhusa. Nenda kwa Mama Mdogo, mkewe, umwombe kwa niaba yangu. Najua nakutuma mahali pagumu. Akikataa, sitatamka hata neno moja, na nitatafuta njia nyingine ya kusema.

Mwanao anayekupenda


21 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hujambo? Chakula unakula? Mimi sijambo.

Nilichukua siku mbili kuvuka njia ile, na ni hatua chache tu. Nikapiga hodi. Alikuwa amempakata mumewe kichwa, akimlisha uji kwa kijiko. Hakunikaribisha kiti. Nikasema nilichotumwa nikiwa nimesimama mlangoni.

Akaniuliza, "Kwa hiyo binti yako anataka kwenda na ugonjwa wa mume wangu mkononi, ili apewe leseni?"

"Ndiyo," nikasema. "Kama utakubali. Usipokubali, hatasema."

Akamfuta Randa kidevu. Randa akapiga kitanda kwa mkono wake mzima, mara moja, kisha tena kwa nguvu zaidi. Mkewe akamwinamia. "Unasemaje? Unakubali, au unataka nimfukuze huyu?" Akapiga tena. Mimi sikujua ni kipi. Nadhani yeye alijua, maana aliweka kijiko chini.

"Mwambie binti yako hapana," akasema. "Asinisemee. Nitakwenda mwenyewe. Maneno yangu yakipita mdomoni mwa mtu mwingine yatatiwa sukari."

Nikamwambia nitamsindikiza. Akasema, "Wewe baki. Dada yangu atapika na kufua, lakini kumnyanyua hawezi. Daktari kasema mguu usizoee kitanda. Umtembeze asubuhi na jioni, hata akikupiga."

Basi, mpokee. Atakuja na lori la unga. Usimwulize habari zangu, hatakuambia nzuri. Mimi nimeshaanza kazi niliyopewa. Leo tumefika kwenye kizingiti na kurudi. Alinipiga kweli, kwa ule mkono wa kushoto, na una nguvu.

Baba yako


17 Julai

Baba,

Shikamoo. Mgonjwa wako anaendeleaje? Huku sote wazima. Tulia usome mpaka mwisho, usirukie chini.

Mama Mdogo alilala kwenye kitanda changu, mimi nikalala chini. Aliuliza habari za masomo yangu, za mama mfua nguo, hata za mashuka. Habari zako hakuuliza, nami nikafuata ulivyosema.

Chumba cha bodi kina meza ndefu na mapazia mazito, na wote wanazungumza polepole kama watu waliokwisha kuamua. Nikaeleza mpango wangu. Mjumbe mmoja akasema, "Tukikupa wewe, kesho kila mwenye pikipiki na begi atadai kwamba naye ni duka linalotembea. Tutamzuia kwa lipi?" Nikasema mtamzuia kwa masharti ambayo yeye hawezi kuyatimiza na mimi naweza. Hakuridhika. Niliiona leseni yangu ikitoka kwa mlango.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Mama Mdogo akasimama. Sikumwambia asimame wakati huo wala sikujua atasema nini.

Alisema hivi, nami naandika kama nilivyosikia: "Sikuja kumsifia msichana huyu. Baba yake sijamsamehe, na yeye pia nimemweka kiporo. Nimekuja kuuliza. Mume wangu alikosa dawa, akanunua kwa mtu wa begi, leo hawezi kutamka jina langu. Na dawa atameza mpaka mwisho wa maisha yake. Nani atamletea? Mnasema mnaogopa wenye mabegi watakuja. Wameshakuja. Yule hakuomba leseni wala hakupanga foleni. Aliyepanga foleni ndiye mliyemfungia mlango."

Akakaa. Yule mjumbe akajifanya anasoma karatasi zake.

Kisha mama wa dirishani, ambaye alikuwa amekaa pembeni na mafaili, akaomba ruhusa ya kusema. "Mimi niliwahi kupotelewa na gari moja," akasema. "Ndiyo maana nimelikatalia hili. Lakini nimeyasoma maandishi yake mara nyingi kuliko ninyi. Likipewa njia na siku, na mahali pa kulala, nikilitaka nitalikuta. Hilo tu ndilo nililokuwa nalitaka."

Walitutoa nje. Tulikaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Tulipoitwa, mwenyekiti akasoma. Wamenipa leseni, baba. Ni ya majaribio, ya mwaka mmoja, na wakikuta kosa wanaifuta siku hiyo hiyo.

Masharti ni mengi, nakuandikia yanayokuhusu. Dawa zote zilizomo garini zitateketezwa mbele ya mkaguzi, hata zile nzima, kwa kuwa hakuna anayeweza kuapa ni zipi nzima. Imeniuma, lakini nimetia sahihi bila kubisha. Gari halitalala tena uani kwako, litalala kwenye ghala la idara ya afya. Litasimama kwenye viwanja vya shule tu, kwa siku zilizotangazwa. Na dereva asiguse dawa kabisa. Kati ya kiti chake na duka kuwe na ukuta na kufuli, na ufunguo awe nao mfamasia peke yake.

Dereva niliyemwandika kwenye fomu ni wewe. Kama hutaki, niambie sasa hivi.

Mama Mdogo anarudi na lori hili, na dawa za Baba Mdogo anazo, zimetolewa kwa karatasi ya daktari. Alipokuwa anapanda aliniambia, "Ulisema vizuri, ila unasema haraka. Wazee watakaokuja dirishani kwako hawatakusikia. Jifunze." Nimeanza kujifunza.

Mwanao


2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Hongera. Niliisoma mpaka mwisho bila kuruka, nikairudia, na chai ikapoa.

Mkaguzi alikuja Jumanne na bwana afya. Aliibandua ile karatasi taratibu, akaitia kwenye bahasha kama cheti cha ndoa. Wakatoa dawa zote, sanduku baada ya sanduku, wakapakia kwenye gari lao kwenda kuziteketeza. Majirani walikuja kutazama. Mwalimu alisema ni hasara, na wengine wakaitikia. Nilipanda nikawasha gari. Lilikohoa kidogo kwa kukaa bure, kisha likashika, nikalipeleka ghalani mwenyewe. Fundi wa kuchomelea ameshaweka ukuta nyuma ya kiti changu. Nimeugonga, ni imara. Ukitaka kunisemesha kutoka huko dukani kwako itabidi upige kelele.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Nitaendesha, na mkono wangu hautaonekana upande wako. Nimeambiwa nipimwe macho kwanza. Nimepimwa, nimepita.

Randa sasa ananyanyuka akisaidiwa kidogo, na anatembea kwa fimbo. Amepata neno moja, nalo ni "kesho". Ukimpa chai anasema kesho. Ukimsalimia, kesho. Juzi nilimkanyaga kidole kwa bahati mbaya, akanitolea kesho moja ambayo hata mtoto angeijua ni tusi. Mkono wa kulia bado. Daktari anasema huenda usirudi. Karakana imefungwa, na madawati ya shule yamemaliziwa na seremala mwingine.

Jana jioni mkewe alikuja mpaka kwenye geti. Hakuingia.

"Gari linaanza lini?" akauliza.

"Jumatatu ya wiki ijayo."

"Wapi?"

"Uwanja wa shule."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Basi tutakuja," akasema, akageuka. Hakuniaga.

Nilibaki nimeshika geti. Angeweza kusema "nitakuja". Karatasi ya daktari anayo yeye, na dawa angeweza kuzichukua peke yake. Kutoka kwao hadi shuleni ni mbali kwa mtu wa fimbo, na kuna kile kilima. Leo asubuhi nimempeleka Randa mpaka mwanzo wa kilima na kurudi. Alichoka, nikamkalisha kwenye jiwe, tukapumzika, tukaendelea. Kesho tutafika katikati.

Barua hii usiijibu. Lori linatoka huko Alhamisi. Panda.

Baba yako